Peponi imekushinda? Ngoja nikwambie nilivyovisoma mimi

Marahaba mdogo wangu, na salamu kwa wote hapo Isevya. Swali lako nalifupisha ili na wengine wafuate. Umesema wewe ni mhasibu hapo Tabora, shuleni ulikuwa msomaji wa kutisha afu kazi ikakumeza, mwaka huu ukanunua Peponi ya Gurnah kwa sababu kila mtu anaitaja, ukafika kama nusu ukaiweka kabatini na ukajiona mjinga. Unauliza vitu viwili: tatizo ni wewe au ni kitabu, na pili mimi niliyefundisha fasihi mpaka nikastaafu na sasa nina meza ya vitabu vya mtumba hapa Mwanga Kigoma nimesoma nini siku hizi na nasemaje kiukweli, "bila kupamba kama maneno ya nyuma ya jalada". Haya, sipambi.

Kwanza toa hiyo habari ya ujinga. Kitabu chenyewe kina sehemu inayochosha na wewe umekiacha hapo hapo, ungevumilia kidogo tu msafara wa biashara wa kwenda bara ungeanza. Gurnah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, kikaingia fainali za tuzo ya Booker, mwaka 2021 akapewa Nobel, na 2022 ndo tukakipata kwa Kiswahili, Ida Hadjivayanis akakitafsiri na Mkuki na Nyota wakakichapa. Yani riwaya ya mtu aliyezaliwa Unguja, inayohusu pwani yetu na bara letu, imezunguka miaka 28 huko nje kabla haijafika kwenye meza yangu. Kwa hiyo tumeisubiri kwa hamu kubwa mno na mtu akisubiri hivyo kitabu kinakuwa na deni ambalo mwandishi hakulikopa.

Umelalamika kwamba Yusuf hafanyi chochote. Umeona sawasawa kabisa. Ana miaka 12, baba yake ana hoteli inayosuasua kwenye mji wa reli, deni limemzidi, mtoto anapakiwa kwenye treni na Ami Aziz ambaye kumbe wala si ami yake, kijana amewekwa rehani. Sasa mtu aliyewekwa rehani atafanya nini, yeye anafanyiwa, anasogezwa, anaangaliwa, kila mtu anasifia uzuri wake na hakuna anayemuuliza anataka nini, na Gurnah anataka ukereke na hilo. Hapo namuelewa. Nisichomsamehe ni zile kurasa za dukani kwa Aziz na kijana mwenzake Khalil na zile za barazani ambapo watu wanakaa na kusimuliana majini na nchi za mbali, moja tamu, ya pili tamu, ya tatu unaanza kuangalia saa. Ila msafara ukishaondoka! Mohammed Abdalla mnyapara na ukatili wake, hongo kila wanapofika kwa mtemi, watu wanaumwa njiani na kufa, afu ng'ambo ya ziwa wanakutana na Chatu ambaye hana habari na heshima za watu wa pwani. Hapo sikukiweka chini, niliacha wateja wanapekua meza wenyewe. Mwisho wake sikwambii, ila ujue nilikifunga kwa hasira, nikakaa nao sana, na mpaka leo sijaamua kama ile hasira ni sifa ya kitabu au ni kasoro.

Sasa dawa yako ni hii, usikisome peke yake. Kuna kitabu kinatakiwa kikae nacho bega kwa bega, nacho ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kwa maneno yake mwenyewe. Mzee alisimulia kwa Kiswahili, Mjerumani mmoja Heinrich Brode akaipeleka Ulaya ikachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na baadaye msomi Whiteley akaitoa tena Kiswahili upande huu Kiingereza upande ule. Wasomi wameshaonyesha kwamba Gurnah alichota kwenye masimulizi ya safari kama haya alipoandika Peponi, na ukivisoma viwili pamoja huhitaji msomi kukuonyesha, unaiona njia ile ile, hongo zile zile, majivuno yale yale ya mwenye bunduki.

Na huyu ni wa kwenu bwana. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amekita mizizi hapo Unyanyembe, akamuoa Karunde binti wa mtemi Fundikira, kwa hiyo Tippu Tip anapotaja Tabora hataji kituo cha njiani, anataja nyumbani kwa baba yake. Afu anavuka ziwa letu anaingia Kongo na huko ndo utajiri unaanza. Anavyosimulia sasa, mama yangu. Hana mandhari, hana machweo, hakwambii moyo wake ulisikiaje. Nilikwenda, nikapigana, nikapata pembe frasila kadhaa (kipimo cha uzito cha zamani), nikarudi, nikakuta bei imeshuka. Wewe mhasibu utakipenda maana kinasomeka kama daftari la mauzo lililopewa miguu likatembea. Na hapo hapo ndo kinapotisha, kwa sababu pembe zinahesabiwa kwa uangalifu wote ila watu waliozibeba kutoka Manyema huko Kongo mpaka pwani, na watu waliokamatwa wakauzwa, wanapita kwenye sentensi kama vumbi. Hajitetei, hajuti, hajui hata kama kuna kitu cha kujutia. Nimesoma vitabu vingi vya kulaani biashara ya utumwa na hakuna kilichonishtua kama utulivu wa huyu mzee. Wanaokisoma kumtukuza wamekosea na wanaokataa kukisoma kwa sababu ya alichofanya nao wanajinyima, huwezi kuijua Tabora ya karne ile bila yeye.

Toka hapo nikawa na kamchezo, kila kitabu kinachopita njia hii ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji nakiuliza swali moja tu: waliobeba mizigo wana majina? Ni kipimo cha mtaani, chuo kikuu hawatakupa maksi kwa hicho, ila kinafanya kazi.

Stanley kwa mfano, yule mwandishi wa gazeti. Kitabu chake cha kumtafuta mmisionari Livingstone alikitoa 1872, mwaka mmoja baada ya wale wawili kukutana hapa Ujiji, na niseme ukweli mtu ananiudhi na kalamu yake naisoma. Anachapa wapagazi viboko na anaandika amewachapa, bila aibu, kama anayejisifia nidhamu. Anajiingiza kwenye vita ya Waarabu wa Tabora na mtemi Mirambo, Mirambo anawatandika, Stanley anarudi mbio mpaka Kwihara karibu na Tabora, na hata hapo anaandika kwa namna ambayo ukiwa huna habari utadhani waliopigwa ni watu wengine yeye alikuwa shahidi tu. Majina yapo, Bombay yupo, Selim yupo, Kalulu yupo, na mtu wa kwanza kumkimbilia Ujiji akamsalimia kwa Kiingereza ni Susi, mtumishi wa Livingstone, ndo baadaye anafika kwa mzee mwenyewe na kile kisalamu maarufu, "Dr Livingstone, I presume?" Mwandishi Tim Jeal kwenye wasifu wake wa Stanley wa 2007 anaona kile kisalamu huenda hakikusemwa kabisa, kilitungwa baadaye. Mimi hilo halininyimi usingizi. Soma sura za Tabora na Ujiji, hizi nyingine ruka tu hutanikosea, kuna kurasa za kuhesabu shanga na vitambaa mpaka kichwa kinauma.

Afu kuna hiki ambacho ndo zawadi ya mwaka kwangu, Out of Darkness, Shining Light ya Petina Gappah, mwanasheria wa Zimbabwe, kilitoka 2019. Kwa Kiswahili sijakiona na ni aibu yetu, kingetafsiriwa jana. Livingstone amekufa kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wake wanaamua, na hakuna Mzungu aliyewaamuru, kwamba mwili hautazikwa pale, wanautoa matumbo, wanaukausha, wanaufunga na wanaubeba zaidi ya kilomita 2,000 mpaka Bagamoyo. Hiyo ni historia, haijatungwa, na walipita hapo kwenu Kwihara wakakutana na Mwingereza Cameron aliyetaka mwili uzikwe hapo hapo na wakamgomea. Gappah kachukua msafara huo akawapa midomo watu wawili. Sehemu ya kwanza anasimulia Halima mpishi, na huyu mwanamke mdogo wangu utamsikia sauti yake jikoni kwako, umbea, matusi ya rejareja, huruma, anajua nani analala na nani na nani kaiba chumvi, ana ndoto ya nyumba yake mwenyewe Unguja, na humo humo katikati ya vichekesho anakudondoshea jambo zito unabaki umeshika kikombe. Sehemu ya pili anashika Jacob Wainwright, kijana aliyekuwepo kweli, mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa na wamisheni, aliyeandika shajara ya ile safari. Gappah anamwandika kama mlokole anayejisikia, Kiingereza cha Biblia, sala ndefu, kujihurumia. Ni makusudi, nimeelewa ni makusudi, na bado nilichoka. Nilikuwa namtafuta Halima kila ukurasa kama mtu aliyeshushiwa abiria mwenzake mzuri njiani. Hata hivyo kama una uwezo wa kununua kitabu kimoja cha Kiingereza mwaka huu nunua hiki, na kwenye kile kipimo changu hakuna aliyekikaribia, humu wabebaji wana majina, wana wake, wana wivu, na Daktari mwenyewe ni mzigo.

Mama Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipofariki Oktoba 2025, miaka 91, hapa Kigoma tulizungumza habari zake wiki nzima mpaka wauza dagaa Kibirizi, maana boti za Gombe zinaondokea pale. Nikasema ngoja nirudie vitabu vyake nione kama ni vizuri au tunavipenda kwa sababu ni vya kwetu. In the Shadow of Man, cha 1971, bado kinasimama. Alifika Gombe Julai 1960 ana miaka 26, hana hata digrii, na serikali ya Mwingereza ikakataa akae peke yake ikabidi aje na mama yake mzazi! Mama akafungua kadispensari ka kutibia wavuvi, na nina hakika kale kadispensari kalimfungulia bintiye milango mingi kuliko barua za Leakey, mtaalamu aliyemtuma. Sura za mwanzo nazipenda kuliko zote kwa sababu hakuna kinachotokea, sokwe wanamkimbia, ana malaria, anapanda kilima anashuka. Afu sokwe mmoja, David Greybeard, anaonekana anachokonoa mchwa kwa kijiti na dunia ya sayansi inabidi ikae chini ifikirie upya. Rashidi Kikwale wa huku huku aliyemwongoza milimani ametajwa, Dominic mpishi ametajwa, ila ni watu wa pembeni.

Through a Window, cha 1990, ni kigumu zaidi moyoni na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Humo kuna ile vita, kundi la Kasakela linawamaliza wenzao wa Kahama mmoja mmoja, kuanzia 1974, sokwe waliokuwa kundi moja wakagawana msitu. Shambulio la kwanza aliyeliona kwa macho ni Hilali Matama, mtu wa huku, mtafiti wa uwandani. Na baada ya waasi kutoka ng'ambo ya ziwa kuja kuwateka wanafunzi wanne pale Gombe Mei 1975, wageni wakaondolewa, kazi ya kufuata sokwe kila siku ikabaki kwa vijana wa vijiji vyetu, na data unazozisikia zinasifiwa ulimwenguni za miaka ile wameziandika wao. Goodall anasema hivyo waziwazi na anawataja majina, jambo ambalo wengi waliompitia njia hii hawakufanya. Kasoro yake? Anaamini sana wema wa msomaji, kila sura inataka uishie na matumaini, mimi wakati mwingine nilitaka aniache tu na kile kifo cha sokwe Flint aliyekufa muda mfupi baada ya mama yake Flo, asiseme kitu.

Haya, vingine haraka haraka maana ushachoka.

Shajara ya Kongo ya mwanamapinduzi Che Guevara. Wengi hawajui Che alivukia hapa Kigoma Aprili 1965 na akarudia hapa hapa Novemba akiwa ameshindwa, jina la kazi akijiita Tatu. Anaanza kitabu kwa kukiri kwamba hii ni habari ya kushindwa na anaitimiza ahadi, ni malalamiko mwanzo mwisho, viongozi wa waasi wa Kongo aliokwenda kuwasaidia hawakanyagi vitani, wanakuja Kigoma kustarehe. Kama unatafuta Che wa kwenye tisheti huyu siye. Kinachosha lakini ni kikweli, na kuna raha fulani ya kishetani kuona mji wako unalaumiwa na mtu maarufu.

Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma, alifariki 2008. Nimerudia Tutarudi na Roho Zetu?, mpelelezi Joram Kiango na njama za Makaburu. Watu wa fasihi tulikuwa tunavidharau hivi vitabu vya upelelezi darasani afu tunavisoma usiku, tusidanganyane. Leo nasema hivi: mwendo wake hakuna aliyemfikia, sura inaisha unaambiwa geuza na unageuza. Wanawake wake wanapimwa umbo kwanza ndo wanapewa akili, na hilo linanuka uzee sasa. Lakini kama tatizo lako ni kwamba kusoma kumekutoka mwilini, huyu ndo wa kukurudisha, si Gurnah.

Na Nagona, riwaya ya Kezilahabi, 1990. Haifiki hata kurasa mia. Nimeifundisha, nimeisahihishia mitihani, nimeisoma tena mwaka huu kwa hiari yangu bila mtihani wowote mbele, na bado naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Kuna kurasa za ajabu humo, ukimya, jangwa, vile vizee, afu wanafalsafa wa Ulaya wanaanza kutokeza na mimi naona naitwa kwenye semina. Wanaosema wameielewa yote siku ya kwanza ni waongo, wakikuambia waulize maswali mawili tu. Ukimtaka Kezilahabi anza na Rosa Mistika, ile ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, Zakaria anavyompiga binti yake kwa barua moja ya mvulana utaona baba wangapi unaowajua wamo humo, na kama inavyokuwaga wale waliopiga marufuku ndo walioitangaza.

Sasa kwako wewe, kiutaratibu. Wiki hii soma Mtobwa, usimsome kwa kujifunza, soma tu. Ukimaliza chukua Tippu Tip, umsome polepole na ramani mkononi, na jumapili moja nenda Kwihara ukaone ile tembe ya Livingstone, si mbali na ulipo, halafu ndo urudi kwa Yusuf. Na usianze upya Peponi, hakuna sheria hiyo, fungua pale wanapoanza kufunga mizigo ya safari ya bara uendelee kutoka hapo, yaliyopita utayakumbuka kadri unavyohitaji. Khalil na duka lake watakusubiri, ukimaliza utajikuta unarudi mwenyewe kuwaangalia kwa sababu ile bustani ya Aziz inakuja kupata maana nyingine kabisa.

Kikikushinda tena nitumie, hapa kuna vijana wawili wa chuo wananisumbua kila siku wanakitaka na mimi nakala zimeisha, nitakupa kitu kingine cha thamani hiyo hiyo. Ya Tippu Tip ninayo moja tu, ile ya zamani yenye lugha mbili, jalada la nyuma lina doa la chai ila kurasa zote zipo nimezihesabu. Niambie mapema kama nikuwekee nikupakilie kwenye basi, kuna mzee wa Ujiji anaitolea macho na nimemwambia nasubiri mtu wa Tabora, lakini huyo mzee akija na hela taslimu usinilaumu.